Mashua Mbili, Watu Wawili: Watu wa Milimani Katika Mchezo wa Bahari

Septemba 2000, kwenye bandari ya Sydney, wanaume wawili wa Austria walivishwa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mashindano ya matanga. Roman Hagara ni mzaliwa wa Vienna. Mwenzake, Hans-Peter Steinacher, ni wa Zell am See, mji mdogo wa milima ya Alpi unaoishi kwa watalii wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Austria haina pwani hata mita moja. Walioambulia fedha nyuma yao ni Darren Bundock na John Forbes, Waaustralia, waliokuwa wakishindana nyumbani kwao. Kama kulikuwa na aliyedhani ni bahati ya mara moja, alinyamazishwa miaka minne baadaye: Athens 2004, wale wale wawili wakachukua dhahabu tena.

Chombo walichoshinda nacho kinaitwa Tornado. Ni katamarani, yaani miili miwili myembamba ya mashua iliyounganishwa kwa mihimili, mlingoti umesimama katikati, na mabaharia ni wawili tu. Ndicho chombo cha matanga kilichokuwa na kasi kuliko vyote katika Olimpiki za zama zake.

Sisi wa Butembo, mashariki mwa Congo, tuna sababu ya kuisikiliza habari hii. Mji wetu umekaa juu ya milima, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe tunaijua kwa kontena: vitambaa, pikipiki na simu zinazoshushwa Mombasa, zikavuka Kenya na Uganda kwa malori, zikaingilia mpaka wa Kasindi, zikapanda hadi kwetu. Ukimtajia mtu wa hapa mashindano ya matanga atakujibu mara moja kwamba hayo ni mambo ya watu wa pwani, tena matajiri. Kuhusu utajiri hakukosea sana. Kuhusu pwani, historia inamkatalia.

Historia hiyo kwa upande wetu wa dunia inaanza na ngalawa. Mtumbwi mmoja uliochongwa kwenye gogo, mara nyingi la mwembe; mirengu imelazwa kukata mtumbwi, na kwenye ncha zake, kulia na kushoto, yamefungwa matengo, mbao zinazogusa maji na kuuzuia usipinduke. Tanga lake ni la pembe tatu, limening'inizwa kwenye foromali. Wataalamu wengi wanaiunganisha teknolojia hii na Waaustronesia, mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki waliovuka Bahari ya Hindi na kuifikia Madagaska katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Lugha ya Kimalagasi hadi leo ina ndugu zake Borneo. Upande wa pili, kwenye Bahari ya Pasifiki, jamaa za watu hao hao waliunganisha mitumbwi miwili mikubwa wakasafiri nayo kutoka kisiwa hadi kisiwa, karne nyingi kabla ya Mzungu kuingia katika bahari ile. Kwa hiyo katamarani ya Olimpiki na ngalawa ya mvuvi wa Nungwi zina babu mmoja. Ukiiona ngalawa ikishindana Zanzibar, mmoja yuko kwenye usukani, mwingine ametambaa nje juu ya mrengu wa joshini, upande upepo unakotoka, ili uzito wake uizuie isilale, basi umeshaelewa nusu ya mchezo wa akina Hagara.

Ulaya ililigundua wazo hili la miili miwili kwa kuchelewa na kwa mashaka. Mnamo 1662 William Petty, daktari na mtaalamu wa hesabu aliyekuwa akiishi Dublin, alijenga chombo cha miili miwili, kisha akajenga kingine kikubwa zaidi kilichoshinda dau la mashindano mwaka uliofuata. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa akimcheka, lakini alikubali kuhudhuria uzinduzi wa chombo cha tatu, *Experiment*, mwishoni mwa 1664. Mwaka 1665 chombo hicho kilipotea na watu wake katika dhoruba, na wazo likalala zaidi ya miaka 200.

Kabla halijaamka huko, lilijitokeza kwa namna ya ajabu huku kwetu, kwenye Ziwa Victoria. Mwaka 1875 Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda alikuwa vitani na Wavuma, watu wa visiwani waliokuwa stadi wa mitumbwi kuliko Waganda. Henry Morton Stanley, aliyekuwa mgeni wa Kabaka, alishauri mitumbwi mitatu mikubwa ifungwe sambamba, na juu yake ujengwe ua wa miti wa kuwaficha wapiga kasia na wenye bunduki, zaidi ya watu 200. Ngome hiyo ilielea taratibu kuelekea kisiwani, na Wavuma wakakubali amani. Haikuwa na tanga, wala haikuwa na haraka. Ila ilionyesha kitu ambacho wahandisi wa Ulaya walikuwa wakikibishania: ukiunganisha mitumbwi kwa upana, hata ukiirundikia watu juu, haipinduki.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 1876, kijana wa Marekani Nathanael Herreshoff alifika New York na *Amaryllis*, katamarani aliyoichora na kuijenga mwenyewe, yenye urefu wa futi 25. Mashindano yalikuwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa nchi hiyo. *Amaryllis* ilianza vibaya kwa sababu upepo ulikuwa hafifu. Upepo ulipoamka, ikawapita wote mmoja mmoja. Wenye mashua za kawaida hawakumpongeza. Walilalamika kwa waamuzi kwamba kile si chombo halali, na tuzo akanyimwa. Herreshoff alijenga katamarani chache nyingine, kisha akarudi kwenye mashua za mwili mmoja, na kwa zaidi ya miaka 20 mashua zake ndizo zilizolilinda Kombe la Amerika, taji kubwa la mbio za mashua. Mimi naona siku ile ya New York ndiyo iliyoamua hatima ya katamarani kwa miaka 70 iliyofuata. Maji hayakuikataa. Kamati ndiyo iliyoikataa, na tutaona kwamba kamati ina tabia ya kurudia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalifunguka kutoka pande mbili. Hawaii, Woody Brown, aliyekuwa ameona mitumbwi ya miili miwili kwenye visiwa vya Pasifiki wakati wa vita, alijenga *Manu Kai* mwaka 1947 pamoja na Alfred Kumalae. Uingereza, ndugu wawili wa Canvey Island, Roland na Francis Prout, walikuwa wapiga kasia. Waliiwakilisha nchi yao katika mbio za kayaki za watu wawili kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952. Walichukua kayaki mbili, wakaziunganisha kwa mianzi, wakasimamisha tanga. Chombo hicho cha majaribio, ambacho fundi yeyote wa vitanda hapa Butembo angeweza kukikamilisha kabla ya jioni, kilizaa katamarani ya watu wawili iliyoitwa Shearwater, ambayo tangu katikati ya miaka ya 1950 iliuzwa kwa wingi na kuziacha nyuma mashua za ukubwa wake.

Uvumi ukavuka Atlantiki. Wamarekani walidai kwamba katamarani zao ni bora, Waingereza wakadai za kwao, na mwaka 1961 wakakutana kwenye ghuba ya Long Island kumaliza ubishi. Hapo likaanza kombe maalumu la katamarani za daraja C: urefu wa futi 25, eneo la tanga futi za mraba 300, mabaharia wawili. *Hellcat II* ya Uingereza ilishinda, na nchi hiyo ikalishikilia kombe hilo hadi 1969. Daraja C liligeuka kuwa maabara. Humo ndimo tanga la kitambaa lilipoanza kuachwa na kuwekwa bawa gumu lililosimama wima, linalofanya kazi kwa kanuni ile ile ya bawa la ndege. Wadenmark walichukua kombe mwaka huo wa 1969. Miongo minne baadaye, 2010, bawa la aina hiyo lilishinda Kombe la Amerika lenyewe na kuwashangaza watu ambao hawakuwa wakifuatilia daraja hilo la watu wawili.

Miongoni mwa manahodha waliolitetea kombe hilo kwa Uingereza alikuwepo Reg White, fundi wa mashua wa Brightlingsea, mji mdogo wa pwani ya Essex. Tukae naye kidogo.

Mwaka 1967 shirikisho la kimataifa la matanga, lililojulikana kwa kifupi IYRU, lilitangaza kwamba linatafuta katamarani ya watu wawili ya kuipa hadhi ya kimataifa. Masharti yalikuwa machache: urefu usizidi futi 20, upana futi 10, tanga futi za mraba 235. Majaribio yangefanyika kwenye kisiwa cha Sheppey, mlangoni mwa mto Thames. Rodney March akachora. White na Terry Pearce wakajenga naye.

Namna walivyojenga ndiyo inayonivutia, kwa sababu sisi ni watu wa mbao. Malori ya mbao kutoka misitu ya Beni na Mambasa hupita Kasindi kila leo kwenda Uganda na Kenya. Fundi wa kawaida wa mashua huanza na mifupa: mkuku, kisha mbavu, kisha anagongelea mbao juu yake. March na wenzake waliiacha mifupa. Walikata karatasi za plaiwudi nyembamba kwa umbo lililopimwa, wakaziunganisha kwenye mstari wa chini, kisha wakazilazimisha zikunjwe kuelekea juu mpaka kingo zikutane na sitaha. Plaiwudi ikikunjwa upande mmoja haitaki kukunjwa upande mwingine. Ikilazimishwa, inatunisha tumbo lenyewe, na tumbo hilo ndilo umbo la mwili wa mashua. Ugumu unatokana na mvutano wa mbao yenyewe. Matokeo yake ni kitu chepesi kupita kiasi: chombo chenye urefu wa mita 6.1 na upana wa mita 3.05, pamoja na mlingoti na vifaa vyake, uzito wake ni kilo 155 hivi. Watu wanne wanakibeba. Mafundi wengi wa Ulaya waliojenga mashua nyepesi za namna hiyo walipenda plaiwudi ya okume, mti unaotoka Gabon. Afrika ya Kati ilikuwemo kwenye mchezo huu tangu mwanzo, kama gogo.

Sheppey ilikuwa kazi fupi. Tornado iliwashinda wapinzani wake waziwazi, na IYRU ikaichagua.

Ili kuelewa kasi yake, tazama inavyokwenda. Mashua nyingi za mwili mmoja hujisimamisha kwa uzito uliofungwa chini, chuma au risasi, na uzito huo lazima usukumwe majini muda wote. Katamarani hujisimamisha kwa upana wake, haibebi mzigo huo. Upepo ukikaza, mwili wa joshini unanyanyuka kutoka majini, chombo kikabaki kinakata maji kwa mwili mmoja tu, mwembamba. Hapo ndipo kasi inapokuja, na hapo hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu sentimita chache zaidi kitalala. Mabaharia wamevaa mikanda yenye ndoano kiunoni. Wanaiangika kwenye waya unaoshuka kutoka mlingotini, wanakanyaga ukingo wa mashua na kujinyoosha nje, migongo yao juu ya maji. Nahodha anaongoza usukani kwa kijiti kirefu. Mwenzake anaachia na kuvuta kamba ya tanga bila kupumzika, upepo ukiongezeka analegeza, ukipungua anakaza. Hakuna nafasi ya maelezo. Akichelewa mmoja, wote wawili wanaogelea.

Kuna jambo la pili. Aliyepanda pikipiki kutoka Butembo hadi Beni siku isiyo na upepo anajua kwamba upepo unampiga usoni ingawa migomba kando ya barabara imetulia. Mashua nayo, kadiri inavyokimbia, hujitengenezea upepo wake wa mbele. Kwa mashua nzito upepo huo hauna maana sana. Kwa katamarani nyepesi unaongezeka mpaka nahodha anaendesha kwa upepo wa kujitengenezea kuliko ule wa angani, na kila akiongeza kasi, upepo unahamia mbele zaidi na yeye analazimika kukaza matanga zaidi. Akiteremka na upepo bila kuangalia pua za mashua, zinachimba wimbi, sehemu ya nyuma inanyanyuka, na chombo kizima kinapinduka kichwa mbele. Waliopatwa na hilo husimulia kwamba waya waliokuwa wamening'inia ndio uliowarusha.

Olimpiki iliipokea Tornado mwaka 1976. Mashindano ya matanga ya Montreal yalifanyika Kingston, kwenye Ziwa Ontario, maji baridi yasiyo na chumvi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kenya, Uganda na Tanzania hazikuwepo. Zilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Dhahabu ya kwanza ya katamarani ilikwenda kwa fundi mwenyewe, Reg White, akiwa na shemeji yake John Osborn. Ni nadra sana katika michezo ya leo mtu kushinda Olimpiki kwa chombo alichokijenga kwa mikono katika mji wake. White alifariki mwaka 2010, bado akiwa mtu wa mashindano pale Brightlingsea.

Miaka iliyofuata ilileta majina ya kila upande: Wabrazili 1980, New Zealand 1984. Ufaransa ilishinda 1988 na 1992, na mara zote mbili Nicolas Hénard alikuwemo chomboni, lakini na mwenza tofauti, jambo linaloonyesha ni nani aliyekuwa nguzo. Wahispania walishinda 1996. Mbrazili Lars Grael alipata shaba 1988 na tena 1996. Mwaka 1998 boti ya injini ilimgonga akiwa majini, akapoteza mguu wa kulia, na bado akarudi kwenye matanga.

Wakati huo huo, nje ya Olimpiki, Hobie Alter wa California, mtengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi, alikuwa ameamua kwamba watu wa kawaida nao wanataka kasi. Hobie 16, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni ya watu wawili, haina visu vya kuteremsha chini, kwa hiyo inapanda ufukweni moja kwa moja bila kugonga. Zimetengenezwa zaidi ya 100,000. Ndizo hizo utakazoziona zimelala mchangani mbele ya hoteli za Diani, pwani ya Kenya, milingoti ikigongwa na kamba, zikisubiri mgeni.

Sasa turudi kwa Waaustria. Watu wa Vienna wenye hamu ya matanga huenda Ziwa Neusiedl, kwenye mpaka wa Austria na Hungary. Ni ziwa la ajabu: limezungukwa na matete, ni pana, lakini kina chake hakifiki mita 2. Mtu mzima anaweza kusimama karibu kila mahali. Meli haina kazi pale, ila upepo wa nchi tambarare unapita juu yake bila kizuizi, na katamarani haihitaji kina. Zell am See nayo ina ziwa lake dogo chini ya milima, lenye upepo unaogeukageuka kila saa, na mtu aliyelelewa na upepo wa namna hiyo huwa na jicho la kuusoma kabla haujafika. Ukiongeza klabu zilizopangika, makocha, na shirikisho linalogharamia vijana kwenda kushindana baharini, dhahabu za Sydney na Athens hazishangazi tena. Wala hazikuwa za mwisho: katika Olimpiki ya Paris 2024, ambayo matanga yake yalikuwa Marseille, Austria ilirudi nyumbani na dhahabu mbili za matanga, ingawa si za katamarani.

Baada ya Sydney, Tornado iliongezewa tanga la tatu la mbele na waya wa pili, ili nahodha naye aning'inie. Ikawa kali zaidi, na nzuri zaidi kutazama. Kamati nayo ikafanya yake. Novemba 2007, katika mkutano wa Estoril, Ureno, shirikisho la dunia lililazimika kupunguza idadi ya mashindano ya Olimpiki, na wajumbe wakapiga kura kuiondoa katamarani kwenye michezo ya London 2012. Chombo chenye kasi kuliko vyote kikatolewa, vya polepole vikabaki. Nimewahi kusoma sababu zilizotolewa, za idadi ya nchi, gharama, na uwiano wa wanaume na wanawake, na zote zina uzito wake; lakini kura ile inanikumbusha waamuzi wa *Amaryllis* mno kiasi kwamba siwezi kuiamini kikamilifu. Qingdao 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, ikawa safari ya mwisho ya Tornado, na dhahabu wakapata Wahispania Fernando Echávarri na Antón Paz.

Miaka minne baadaye shirikisho lilikuwa limeshajirudi. Katamarani ingekuwepo Rio 2016, ila kwa sharti jipya: chomboni awe mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Baada ya majaribio ya Santander mwaka 2012 ilichaguliwa Nacra 17, ndogo kuliko Tornado, urefu mita 5.25. Sharti hilo, lililoanza kama hesabu za usawa, limegeuka kuwa sehemu bora ya mchezo, kwa kuwa kwenye chombo chepesi ufundi na uelewano vinashinda misuli.

Rio ilimtoa mtu ambaye hata wasiojua matanga walimlilia kwa furaha. Santiago Lange wa Argentina alikuwa amepata shaba mbili kwa Tornado, 2004 na 2008. Mwaka 2015 aligunduliwa saratani ya pafu, akafanyiwa upasuaji na sehemu ya pafu ikaondolewa. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 54, alipanda Nacra 17 na Cecilia Carranza Saroli. Katika mbio za mwisho waamuzi waliwaadhibu mara mbili. Kila adhabu ni kuzungusha chombo huku wengine wanakwenda. Walikazana kutoka nyuma, wakamaliza wa sita, na hesabu ilipofanywa walikuwa mbele ya Waaustralia kwa pointi moja. Wanawe wawili, waliokuwa wakishindana kwenye daraja jingine la michezo hiyo hiyo, walijitupa majini kumfuata.

Kuanzia 2017 Nacra 17 imewekewa mabawa chini ya maji, na chombo kizima kinanyanyuka na kuruka juu ya uso wa bahari. Waliotawala zama hizi ni Waitaliano Ruggero Tita na Caterina Banti, dhahabu Tokyo na dhahabu Paris. Banti ni wa Roma. Tita ni mtoto wa Trentino, milimani kaskazini mwa Italia, aliyejifunza matanga kwenye Ziwa Caldonazzo. Mlima mwingine tena, ziwa dogo jingine.

Na sisi tuna ziwa. Ukiteremka kutoka milima ya Bashu unafika Kyavinyonge, na mbele yako limetanda Ziwa Edward, kilomita za mraba 2,300 hivi, sehemu kubwa zikiwa upande wa Congo, kina kikipita mita 100. Upepo hausubiriwi pale. Wavuvi wanaotoka jioni na pirogi zao za mbao, kwa injini au kwa makasia, wanaujua kuliko mwalimu yeyote wa matanga, na wengine haukuwarudisha. Linaloizuia mashua ya matanga ni mengine. Ziwa limo ndani ya Hifadhi ya Virunga, na kila chombo lazima kiwe na kibali. Wenye silaha wamelifanya njia na mahali pa kutoza. Wavuvi wetu wameshakamatwa na wanamaji wa Uganda kwa sababu ya mpaka usioonekana majini. Vitshumbi, upande wa kusini, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Beni inazika watu wake wanaouawa na wenye silaha tangu 2014, na kati ya 2018 na 2020 sisi na wao tulizikana kwa Ebola. Wapo pia viboko, ambao hawajui sheria za mashindano. Katika hali hiyo, anayewaambia vijana wa Kyavinyonge habari za medali anaweza kuonekana mtu asiye na kazi.

Lakini neno moja lisemwe kwa wanaoshughulikia michezo na ufundi katika mji huu, na kwa shule zetu za ufundi hasa: msikubali kuambiwa kwamba mchezo huu si wetu kwa sababu tuko mbali na bahari. Plaiwudi tunayo, mafundi tunao, mianzi inaota milimani, na bwawa la majaribio ya kwanza linatosha. Anzeni na mitumbwi miwili na turubai, kama ndugu wa Canvey Island, na mvae jaketi za kuokolea maisha. Congo haijawahi kupeleka baharia wa matanga kwenye Olimpiki. Nacra 17 imo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja.